Mzee Lugembe Shilinde, Aliyetuita kwa Majina: Miaka Ishirini na Moja ya Nta na Gitaa

Jumatatu, tarehe 30 Juni 1980, Mzee Lugembe Shilinde atafunga kabati lake kwenye banda la kuyeyushia nta, atakabidhi funguo, na kuanzia hapo ataitwa mstaafu. Ametumika miaka ishirini na moja kamili. Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1959, wakati Shirika letu la Asali na Nta, yaani SHANTA, lilikuwa bado ghala la tajiri mmoja na halijawa mali ya umma. Kwa muda wote huo alikuwa mtu wa nta kuanzia asubuhi mpaka saa tisa na nusu, na baada ya saa tisa na nusu alikuwa kiongozi, mwimbaji na mpiga solo wa bendi yetu ya Shanta Jazz mpaka koo likauke.

Bwana Utumishi amenipa kurasa mbili za jarida hili la Mzinga, akaniambia nisilete mbwembwe. Nitajaribu. Mimi ni Silasi Ngollo, mpiga gitaa la rithim. Darasa la sita nililimaliza kwa mbinde na la saba nililiangalia dirishani, lakini katika bendi nzima mwandiko unaosomeka ni wangu, na anayebisha alete wake tuone. Jambo moja niliseme mapema. Kila mtu niliyemtaja humu nimemwendea mwenyewe, au ndugu zake, nikauliza kama naruhusiwa kuandika jina. Waliokataa nimewaacha. Wa Tabora wenzangu hawatashangaa, wanajua tumekuwaje tangu Oktoba 1978. Ninyi wa matawi ya mbali mtaelewa mkifika katikati, na mkielewa msinilaumu kwa kuwatia baridi mgongoni, maana mimi mwenyewe ninaandika nikitazama mlango.

Mzee Lugembe ndiye aliyeleta roki Tabora. Wapo watakaobisha, hasa wale wa bendi nyingine ambao mpaka leo wanapiga gitaa kama wanachambua mchele. Waache wabishe. Makanika mmoja wa treni alimletea santuri sita, akakaa nazo mwezi mzima, na alipotoka chumbani alikuwa mtu mwingine: suruali ya kubana, nywele zimesimama, gitaa limeshushwa mpaka magotini. Kwenye sherehe za Uhuru, Desemba 1961, aliteleza kwa magoti kutoka kwenye ngoma mpaka ukingoni mwa jukwaa, gitaa likilia, na kina mama wa mtaa wa Isevya wakapiga vigelegele kwanza, halafu ndipo wakaulizana kama ni halali. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Wenzake wa umri huo walikuwa wanazungumzia ng'ombe.

Lilipokuja Azimio la Arusha na tukaambiwa tuimbe kilimo, hakununa. Alitunga wimbo wa kutundika mizinga ya nyuki, akaupiga kwa mwendo wa roki, na maofisa waliokuja kutukagua walitikisa miguu chini ya meza wakidhani hatuwaoni. Kazini nako hakuwa wa kuchezewa. Nta ya banda lake haikurudishwa hata mara moja kwa uchafu, na mwaka 1971 alipewa cheti cha mfanyakazi bora, ambacho alikitundika jikoni kwa mkewe ili, kwa maneno yake, wanaompikia wajue wanampikia nani.

Lakini mwili hauna adabu. Mwaka 1974 aliteleza kwa magoti kama kawaida yake, akafika ukingoni, akashindwa kuinuka. Magoti yamegoma. Mwenye akili ndogo angeomba msaada. Yeye aliimba wimbo wote palepale chini, na watu, wakidhani ni mtindo mpya, wakapiga magoti ukumbi mzima, wazee kwa watoto, wakacheza hivyo mpaka mwisho. Wiki iliyofuata walikuja wamevaa suruali kuukuu kwa ajili ya sakafu. Nyuma ya pazia tulimbeba watu wanne, naye anatutukana kwa Kinyamwezi.

Baada ya hapo aliacha kuruka. Akaanza kukaa kwenye kigoda, akawa anapaka nywele piko kila Jumamosi (Zamda wa sokoni ndiye aliyekuwa akimuuzia, na siri hii ameniruhusu kuitoa), na akabuni njia nyingine ya kuwashika watu. Kila Jumapili kabla ya bugi, ndilo dansi letu la alasiri, alisimama mlangoni tangu saa nane akimpa mkono kila anayeingia. Anauliza jina, anauliza unatoka wapi, mama hajambo? Kisha kwenye wimbo wa mwisho, gitaa likishapamba moto, anaanza kuita. Atakutaja jina, mtaa na nguo uliyovaa. Ukiitwa, unanyoosha mkono, unapaza sauti "Nipo!", unatoka mbele na kucheza peke yako huku bendi nzima inakupigia wewe. Mwaka 1976 tulikwenda Ulyankulu kwa wenzetu wakimbizi wa Burundi. Kirundi hakijui hata cha kuombea maji, lakini aliita majina arobaini bila kukosea hata moja. Nimeona watu wazima wakilia kwa kuitwa tu. Vijana wa bendi nyingine walikuwa na vipaza sauti vikubwa kuliko vyetu, lakini hawakuwa na hicho.

Kilichomharibia ni macho. Daktari alisema mtoto wa jicho, yeye akasema moshi wa nta. Kuanzia hapo nikapewa kazi ya kusimama nyuma yake na kumnong'oneza: yule wa kushoto mwenye kanga ya njano ni Maua, yule mrefu ni mgeni kutoka Igunga. Niliifanya kazi hiyo vizuri kuliko mtu yeyote angeweza, isipokuwa siku moja.

Agosti 1978 alipelekwa Dar es Salaam kutibiwa macho, akakaa huko miezi miwili. Akiwa huko, Lukumani, fundi cherehani wa Isevya, akafariki. Lukumani alikuwa mtu wa kila bugi, meza ya kona, suti ya kahawia aliyojishonea mwenyewe. Tulimzika, arobaini ikasomwa, nguo zake zikagawiwa ndugu kama ilivyo desturi, na suti ikaenda kwa mdogo wake, Mabruki. Mzee Lugembe alirudi Jumamosi kwa treni na miwani mpya. Katika bendi, ukimtoa yeye, tuko tisa. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshamwambia. Mimi nilidhani mpiga besi amemwambia. Mpiga besi alidhani ni mimi, maana ndiye mwenye mdomo.

Jumapili ile, tarehe 8 Oktoba, treni ilikuwa imemchosha, hakusimama mlangoni. Nilipomsogelea kwenye wimbo wa mwisho alinisukuma kwa kiwiko. "Leo usininong'oneze, kijana. Naona mpaka vifungo." Kweli aliona vifungo. Aliona suti. Uso hakuuona.

"Lukumani fundi!" akaita kwenye kipaza sauti. "Lukumani wa Isevya! Suti ya kahawia, kona ileile! Nimekuona, toka!"

Mikono yangu iliganda kwenye nyuzi. Mpiga ngoma aliendelea mapigo mawili matatu, naye akanyamaza. Watu wote waligeuka kutazama kona. Mabruki alikuwa amekaa pale na suti ya marehemu kaka yake, macho mia tatu yanamtazama, na nadhani mtoto wa watu alichanganyikiwa, maana ukumbini kwetu ukitazamwa hivyo unafanya kitu kimoja tu. Aliinuka. Akanyoosha mkono.

"Nipo," akasema.

Kisha viti vikaanguka. Watu walitoka kwa milango na kwa madirisha, mwanamke mmoja aliacha mtoto akarudi kumchukua anapiga mayowe, na ndani ya dakika tano tulibaki sisi, Mzee Lugembe anayeuliza kuna moto wapi, na Mabruki amesimama vilevile, mkono juu, kana kwamba hajui namna ya kuushusha. Mimi ndiye niliyemwambia Mzee. Alivua miwani, akaiweka juu ya kigoda, akaondoka akipapasa ukuta.

Mabruki alipata homa ya kutetemeka siku tatu. Akapona, lakini habari ilikuwa imeshatangulia mpaka Nzega: Lugembe ameita mfu, na aliye hai ameitikia. Halafu vita vikaja. Mabruki alikuwa mgambo, akaitwa, na Januari 1979 akapanda treni na wenzake kwenda Kagera. Mzee Lugembe alikwenda stesheni kumuaga. Shangazi wa Mabruki, Bi Batuli, alimwona Mzee kwa mbali, akaja mbio na kanga yake ameitandaza kama pazia. "Usimtazame! Nakuomba kwa Mungu, usimtazame wala usifungue mdomo!" Basi mtu aliyeifundisha Tabora kucheza alisimama nyuma ya ghala la mizigo mpaka treni ikaondoka.

Toka hapo hakuna aliyetaka kuitwa. Mlangoni watu walianza kutoa majina ya uongo. Zamda, aliyemjua miaka kumi, alimwambia anaitwa Leonia, akampa mkono uliofunikwa na kanga. Wimbo wa mwisho ukikaribia, wanawake wanakumbuka wameacha chungu jikoni, wanaume wanainama kufunga kamba za viatu, hata waliovaa ndala. Wenye ujasiri walibaki wamegeuzia jukwaa mgongo. Na msidhani ni ukumbini tu. Kwenye banda la nta, wafanyakazi walimwomba asisome orodha ya mahudhurio asubuhi, wakajigawia namba. Mwaka mzima na nusu idara nzima imeitana Nne, Saba, Kumi na Moja, kama mahabusu. Sitawacheka. Siku moja aliniita "Silasi!" kutoka nyuma ya pipa, jambo la kawaida kabisa, anataka koleo. Nilijificha. Nilichuchumaa nyuma ya magunia nimeziba mdomo kwa mikono miwili nisije nikaitika, na niliposikia miguu yake inaondoka polepole niliona aibu ambayo mpaka leo haijanitoka.

Mwenyewe aliacha kuita. Alikaa kwenye kigoda amewapa watu ubavu, anamtazama mpiga ngoma, anapiga solo safi lakini bila kuinua kichwa. Piko aliacha kupaka, mvi zikajaa. Siku moja tukifunga vyombo aliniambia, "Zamani niliogopa wasije. Sasa naogopa waliokuja." Nilitaka kumtania, kama ninavyomtania kila mtu. Nikaendelea kukunja waya.

Vita vikaisha. Wapiganaji wakarudi, mji ukawapokea kwa maua. Mabruki hakurudi. Hayumo katika orodha ya waliofariki, wala ya waliorudi, wala hospitali yoyote tuliyoipelekea barua. Wenzake wanasema walimwona mara ya mwisho akivuka mto na gunia la unga. Basi.

Bugi la kumuaga Mzee lilikuwa Jumapili, tarehe 15 Juni. Uongozi ulipanga apige nyimbo nne, apokee blanketi na redio, akae. Watu walikuja kiasi, kwa heshima, na walikaa karibu na milango. Kwenye wimbo wa tatu nikaona watu wanapisha katikati. Bi Mwanamkuu, mama yake Lukumani na Mabruki, alikuwa ameingia na buibui lake. Bibi yule alikuwa hajawahi kukanyaga ukumbi wa dansi tangu azaliwe. Alitembea mpaka chini ya jukwaa, akasimama. Tuliacha kupiga bila kuambiwa.

"Lugembe," akasema.

Mzee aliteremka kwenye kigoda kwa shida. "Naam, dada yangu."

"Ulimwita mwanangu kwa jina la marehemu."

"Nilimwita, dada. Sikuona. Nisamehe."

"Sikuja kwa hilo. Msamaha nilishakupa kwenye sala, hukuwepo. Tangu siku ile mtu yeyote hathubutu kulitaja jina la Mabruki mbele yangu. Mtaani wananyamaza nikipita. Kama ameshakuwa mfu." Akashika ukingo wa jukwaa. "Babu zetu walipobeba mizigo kwenda pwani, aliyepotea porini aliitwa. Waliita mpaka sauti ikauke. Wewe ndiye mwenye sauti mji huu. Muite mwanangu kwa jina lake."

Nilikuwa hatua moja nyuma ya Mzee, niliona shati lake limelowa mgongo mzima. "Dada, naogopa," akasema, na kipaza sauti kilikuwa wazi, ukumbi wote ukasikia. Mtu wa miaka hamsini na mitano, Lugembe wa roki, anasema naogopa mbele za watu.

"Hata mimi," akasema Bi Mwanamkuu. "Ita."

Watu wengine walikuwa wameshasimama mlangoni. Mzee alishika gitaa, akapiga uzi mmoja tu wa chini, akaita. "Mabruki! Mabruki wa Isevya!"

Kimya. Nilisikia bati la paa likilia kwa jua. Ninakiri niliwaza kwamba kitu fulani kitaitika, na kwamba kikiitika nitakufa palepale na gitaa la Shirika mkononi.

"Hayupo," akasema Bi Mwanamkuu. "Ita tena."

Aliita tena, kwa nguvu zaidi, sauti ikapasuka katikati. Kimya kilekile. Bibi akatikisa kichwa. "Kagera ni mbali. Tena."

Mara ya tatu hakuita, aliimba, kwa ule mwendo wake wa zamani, na mimi mkono wangu ukaingia wenyewe. Nilikosea badiliko la kwanza, hilo naliandika kabla mpiga besi hajalisema. Ndipo Ng'washi, anayetuletea maziwa kutoka upande wa Kipalapala, akapiga kelele kutoka nyuma: "Na Elieza wangu! Muite kaka yangu Elieza!" Mzee aligeuka kama aliyepigwa. Halafu akamwita Elieza. Mwingine akataja mwanawe. Mwingine mume. Baadhi ya majina yale ni ya watu tuliowaombea hitma kabisa, na jamaa zao waliyataka vilevile. Hakuna aliyesema nipo. Kila jina liliitwa, tukasubiri, likaitwa tena, na watu waliokuwa mlangoni walianza kurudi ndani, hatua kwa hatua, uso umeelekea jukwaani. Mzee nyuso hazioni, lakini alijua, aliinua kichwa. Mwisho Zamda akajitokeza katikati, akasema: "Mzee, na mimi niite. Zamda. Hilo ndilo langu." Akaitwa. Akasema "Nipo!" huku analia, akacheza peke yake vibaya sana, na sisi tukampigia.

Si kwamba woga umekwisha. Kwenye banda la nta bado yuko mmoja anayejiita Saba. Mimi mwenyewe juzi niliitwa gizani kidogo tu, jioni, nikanyamaza mpaka nilipomwona aliyeita. Na Mabruki, mpaka jarida hili linakwenda mtamboni, hajarudi.

Kwa niaba ya uongozi, wafanyakazi wote wa SHANTA na wanamuziki wenzako, Mzee Lugembe, tunakushukuru kwa nta safi, kwa wimbo wa mizinga, kwa suruali zetu zilizotoboka magotini. Huko kwenu Nzega shamba liwe na mvua, mkeo apate kuchoka na wewe taratibu, na usiku ulale bila kuota ukumbi. Nasi tunakuahidi neno moja ambalo tulipaswa kukupa Oktoba ile. Habari ya Mabruki ikifika, iwe njema au iwe mbaya, hatutangoja mwenzetu akuambie. Tutapanda gari wote tisa, tuje mpaka mlangoni kwako, na kabla hujatukaribisha kiti utakuwa umeshajua.